Nani amlipe mwalimu? Magavana wa Argentina na Hazina yao kila nchi inapokwama

Februari 2024, Ignacio Torres, gavana wa jimbo la Chubut kusini mwa Argentina, alitangaza kwamba serikali kuu isiporudisha pesa ilizokata kwenye mgao wa jimbo lake kufikia Jumatano iliyofuata, halitatoka tone la mafuta wala gesi Chubut kwenda kokote. Alichokuwa anadai ni zaidi ya peso bilioni 13.5, ambazo kwa hesabu yake zilipita theluthi moja ya mgao wa mwezi. Magavana wenzake wa Patagonia walisimama naye na kutia saini tamko kwa jina la Majimbo ya Muungano ya Kusini. Serikali ikajibu kwamba hakuna aliyedhulumiwa: Chubut ilikopa, ilikubali kwa maandishi kuwa deni likatwe kwenye mgao, na sasa limekatwa.

Na Torres hakuwa mpinzani. Vigogo wa chama chake, PRO, walikuwa wamempigia debe Javier Milei, rais huyo mpya, kwenye duru ya pili ya uchaguzi wa rais, miezi mitatu tu kabla.

Mafuta hayakuzuiwa. Jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Rawson aliamuru makato yasitishwe, na joto likashuka. Waliofuatilia siasa za nchi hiyo kwa muda hawakushangaa sana, kwa kuwa sinema hii walishaiona, kila mara ikiwa na waigizaji wapya.

Ukisoma magazeti utaambiwa tatizo ni kiburi cha rais, au ni ujanja wa magavana. Vyote viwili vipo, tena kwa wingi. Ila marais wamebadilika, vyama vimebadilika, hata sarafu imebadilika, na ugomvi ni uleule. Kwa hiyo mimi naamini chanzo chake kiko kwenye mpango wa fedha wenyewe kuliko kwenye tabia za watu. Argentina ilimpa mmoja kazi ya kukusanya kodi na mwingine kazi ya kulipa mishahara. Uchumi ukikwama, kila mmoja anapata sababu nzuri ya kumwachia mwenzake mzigo.

Pesa inakoingia, pesa inakotokea

Argentina ina majimbo 23, pamoja na jiji la Buenos Aires lenye mamlaka yake ya ndani. Jiji hilo si jimbo la Buenos Aires, ambalo makao yake makuu ni La Plata na ambalo peke yake lina zaidi ya theluthi moja ya watu wote nchini. Kodi kubwa, yaani VAT na kodi ya mapato, hukusanywa na serikali kuu, kisha hugawanywa kwa sheria namba 23.548 ya mwaka 1988. Serikali kuu inabaki na asilimia 42.34. Majimbo kwa jumla hupata 54.66. Asilimia 2 huenda kwa majimbo manne yaliyoonekana kupunjwa, na 1 iliyobaki huingia kwenye mfuko wa dharura unaojulikana kwa kifupi kama ATN, ambao serikali kuu huugawa inavyoona inafaa. Asilimia hiyo 1 tutakutana nayo tena.

Mgao mkuu hauombwi. Sheria inaiagiza Banco de la Nación, benki ya taifa, iuhamishe kila siku, moja kwa moja, bila kutoza ada. Kodi ikiingia leo, sehemu ya Formosa inaenda Formosa. Hapo waandishi wa sheria walifanya kazi nzuri: rais hawezi kumnunia gavana akamzuilia mgao wake.

Shida imekaa upande wa matumizi. Mwaka 1978, chini ya utawala wa kijeshi, shule za msingi zilizokuwa za serikali kuu zilikabidhiwa majimbo. Kuanzia 1992, wakati wa Carlos Menem, zikafuata shule za sekondari. Walimu walihamishwa, majengo yakahamishwa, ila hakikuhamishwa chanzo kipya cha mapato cha kuwalipia. Ndiyo maana leo mwalimu, muuguzi na askari polisi wa kawaida ni watu wa gavana. Mshahara ukichelewa, ngoma na mabango huishia mbele ya ofisi ya gavana, si Casa Rosada, ikulu ya rais. Majimbo yana kodi zao, kubwa ikiwa ile inayotozwa mauzo ghafi ya biashara, lakini kwa majimbo maskini kama Formosa au La Rioja kodi hiyo haifiki mbali, na sehemu kubwa mno ya bajeti hutoka Buenos Aires, yaani kwa serikali kuu.

Msomaji wa Kenya aliyezoea kusikia magavana wakiilaumu Hazina ya Nairobi kwa kuchelewesha mgao ataona mambo anayoyajua. Tofauti moja ni kwamba Kenya iliandika kwenye Katiba kiwango cha chini cha asilimia 15 kwa kaunti, ilhali Argentina iliacha viwango vyote kwenye sheria ya kawaida na kwenye mapatano ya mezani. Na mapatano ya mezani yana mianya.

Mwanya wa kwanza: si kila kodi huingia kwenye mfuko wa pamoja. Ushuru wa forodha, ukiwamo ule wa bidhaa zinazouzwa nje, ni wa serikali kuu peke yake kwa mujibu wa Katiba. Mwanya wa pili: pesa inaweza kumegwa kabla haijagawanywa. Agosti 1992 magavana walikubali asilimia 15 ya mfuko wa pamoja ipelekwe kwanza kwenye pensheni za taifa. Yalikuwa mapatano ya muda. Yaliendelea zaidi ya miaka 20, hadi Mahakama ya Juu ilipowapa ushindi Córdoba, Santa Fe na San Luis tarehe 24 Novemba 2015, siku mbili baada ya chama tawala kushindwa uchaguzi wa rais. Majaji nao wana kalenda ukutani.

Mwanya wa tatu ndio naouona mkubwa kuliko yote, ingawa hausemwi sana: anayekusanya ndiye anayechagua kodi ipi aipandishe na ipi aishushe. Jiweke kwenye kiti cha waziri wa uchumi aliyebanwa mbavu. VAT ikikuletea peso 100 za ziada, sehemu kubwa inakwenda kwa magavana, ambao wengine ni mahasimu wako. Ushuru wa soya ukikuletea peso 100 za ziada, zote ni zako. Bila shaka utapenda soya. Ndiyo maana kila mgogoro huzaa kodi ambazo hazigawanywi, au zinagawanywa kidogo tu: kodi ya miamala ya benki mwaka 2001, ushuru wa mauzo ya nje mwaka 2002, kodi ya ununuzi wa dola mwishoni mwa 2019.

Ukitaka kuwafurahisha wapiga kura, hesabu inageuka. Unapunguza kodi ambayo nusu ya hasara yake itabebwa na wengine. Agosti 2019, baada ya kipigo kwenye kura za mchujo, Rais Mauricio Macri alifuta VAT kwenye vyakula vya msingi na kuwapunguzia wafanyakazi kodi ya mapato. Majimbo yalikimbilia mahakamani, na mwanzoni mwa Oktoba Mahakama ya Juu ikasema hasara hiyo ibebwe na serikali kuu. Miaka minne baadaye Sergio Massa, waziri wa uchumi aliyekuwa pia mgombea urais, aliwaondolea wafanyakazi wengi kodi ya mapato wiki chache kabla ya uchaguzi. Ulikuwa ukarimu mtamu, sehemu kubwa ikitoka mfukoni mwa majimbo. Wapo magavana waliompigia makofi siku ile, kisha mwaka uliofuata wakawa wanataka kodi ileile irudishwe. Ikarudi.

Mfumo wenyewe ulizaliwa kwenye dhiki. Mdororo wa dunia wa miaka ya 1930 ulipoporomosha mapato ya bandari ya Buenos Aires, serikali ilianzisha kodi ya mapato mwaka 1932 kama hatua ya dharura. Katiba inairuhusu serikali kuu kutoza kodi za aina hiyo kwa muda maalumu tu, kwa hiyo dharura hiyo imekuwa ikiongezwa muda kwa zaidi ya miaka 90. Mgao wa kwanza kwa majimbo ulianza 1935, ili nao wapate chochote kwenye kodi mpya ambazo Buenos Aires ilikuwa imejitwalia.

Mwaka ambao majimbo yalichapa noti

Kama unataka kuuona mfumo huu ukiwa umechanika kabisa, nenda 2001.

Tangu Aprili 1991, kwa sheria, peso moja ilikuwa dola moja. Mpango huo, uliobuniwa na waziri Domingo Cavallo, uliua mfumuko wa bei uliokuwa umewatesa watu kwa miaka. Gharama yake ni kwamba Benki Kuu haikuweza tena kuchapa pesa kuziba pengo la bajeti. Mambo yakienda vizuri hilo si tatizo. Hayakwenda vizuri. Uchumi ulianza kusinyaa 1998, na Brazili, mteja mkubwa, ikashusha thamani ya sarafu yake Januari 1999. Bidhaa za Argentina zikawa ghali kote kote.

Fernando de la Rúa aliapishwa tarehe 10 Desemba 1999. Wiki moja baadaye alikuwa na maiti mezani. Katika jimbo la Corrientes, walimu na watumishi wa umma waliokaa miezi bila mishahara walikuwa wamefunga daraja la General Belgrano, linalovuka mto Paraná kwenda Resistencia, jimbo jirani la Chaco. Tarehe 17 Desemba askari wa serikali kuu walitumwa kulifungua, na watu wawili wakauawa. Deni lile la mishahara halikuwa la rais, ila risasi zilikuwa zake. Serikali kuu ikalichukua jimbo na kuliendesha yenyewe, jambo ambalo Katiba inaliruhusu pale mambo yanapoharibika.

De la Rúa hakuweza kutawala bila magavana, na wengi wao walikuwa Waperoni, chama pinzani. Novemba 2000 wakaafikiana kwamba majimbo yatapokea kiasi kisichobadilika cha peso milioni 1,364 kila mwezi kwa miaka ya 2001 na 2002, makusanyo yapande au yashuke. Nao waliahidi kuzuia matumizi yao yasipande. Kwa magavana ule ulikuwa ushindi mkubwa: hatari yote ya uchumi kudorora walikuwa wameitua mabegani mwa Hazina. Kwa Hazina kilikuwa kitanzi. Makusanyo yalipungua, deni kwa majimbo likabaki palepale.

Julai 2001 Cavallo, aliyekuwa amerudishwa wizarani mwezi Machi, alileta sheria ya kufuta nakisi. Serikali ingetumia kile tu ilichokusanya, na mishahara na pensheni zikakatwa asilimia 13. Magavana nao walitakiwa wakaze mikanda. Jibu lao lilikuwa fupi: lipa kwanza ulichosaini. Na tukumbuke kwamba hawakuwa makarani waliojali daftari tu. Carlos Ruckauf wa jimbo la Buenos Aires, José Manuel de la Sota wa Córdoba na Carlos Reutemann wa Santa Fe, yule dereva wa zamani wa Formula 1, wote watatu walitajwa kama marais watarajiwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka ya kumwokoa De la Rúa.

Ruckauf alikuwa na tatizo la papo kwa papo. Jimbo lake lilikuwa na jeshi la watumishi wa kulipa, mgao ulikuwa unachelewa, na hakuna benki iliyotaka kulikopesha. Akachapa. Kisheria, patacón ilikuwa dhamana ya hazina ya jimbo, yenye tarehe ya kulipwa mwaka mmoja mbele na riba ya asilimia 7. Ukiishika mkononi ilikuwa noti: karatasi yenye rangi, thamani kwenye pembe, ukubwa wa kuingia kwenye pochi. Kuanzia Agosti 2001 mwalimu wa La Plata alipokea sehemu ya mshahara kwa peso na sehemu kwa patakoni. Alizipokea kwa sababu dukani zilipita, na dukani zilipita kwa sababu jimbo lilikubali kuzipokea kwa kodi. Maduka yalibandika matangazo mlangoni kwamba patakoni zinapokewa. McDonald's ikatoa mlo wake ikauita Patacombo.

Baada ya muda mfupi kila mwenye shida alikuwa na noti yake. Córdoba ilitoa Lecor, Chaco Quebracho, Entre Ríos Federal, Corrientes Cecacor, Mendoza Petrom, Tucumán Bocade. Serikali kuu yenyewe, ikishindwa kulipa mgao ilioahidi, ikachapa Lecop ili kuwalipa magavana. Lecop ilitembea nchi nzima. Nyingine ziliishia kwao. Mtu wa Corrientes aliyevuka lile daraja kwenda Resistencia alifika mahali ambapo karatasi zake zilikuwa ngeni, na hata nyumbani Cecacor ilibadilishwa kwa thamani ya chini kabisa kuliko iliyoandikwa juu yake. Vibanda vya kubadilisha noti za jimbo moja kwa za jingine vikawa biashara kamili. Hadi mwisho wa mkasa, karatasi hizo zilikuwa zimefika karibu peso bilioni 8.

Wachumi wengi waliwashutumu magavana kwa kuiharibu sarafu ya nchi. Mimi siwahukumu kwa ukali huo. Sheria ya peso kwa dola ilikuwa imeifunga Benki Kuu mikono, lakini haikuweza kumfanya muuguzi aache kula, na mahali ambapo Buenos Aires haikuruhusiwa kuchapa, La Plata ilichapa. Hesabu ni ileile, saini tu imebadilika. Ninachowalaumu nacho kiko nyuma zaidi: miaka ya neema walijaza watumishi kwenye orodha za mishahara kama vile neema haitaisha, wakajua kwamba ikiisha kuna wa kumtupia mpira.

Mwisho ulikuja haraka. Tarehe 1 Desemba 2001 watu walizuiwa kutoa benki zaidi ya peso 250 kwa wiki. Siku chache baadaye IMF ilikataa kutoa dola bilioni 1.26 zilizokuwa zikisubiriwa, ikisema bajeti haijakaa sawa. Katika mazungumzo yake na serikali, matumizi ya majimbo yalikuwa moja ya malalamiko ya kudumu, na hapo ndipo ugumu wa waziri unapoonekana: alikuwa anajibu kwa wakopeshaji kuhusu pesa ambazo hakuwa na uwezo wa kuzizuia. Maduka yalivunjwa, hali ya hatari ikatangazwa, watu wakajaa barabarani wakigonga sufuria. Tarehe 20 Desemba De la Rúa alijiuzulu na kuondoka Casa Rosada kwa helikopta.

Baraza la wenye majimbo

Angalia nani alishika usukani baada yake. Kwanza, kwa muda, Ramón Puerta, seneta na gavana wa zamani wa Misiones. Kisha Adolfo Rodríguez Saá, gavana wa San Luis, aliyetangaza kwamba nchi haitalipa deni lake la nje na kutaka kuanzisha sarafu ya tatu. Hakumaliza hata wiki mbili. Aliwaita magavana wenzake Chapadmalal, makazi ya mapumziko ya rais kando ya bahari, wengi hawakutokea, akaelewa ujumbe na kujiuzulu tarehe 30 Desemba. Siku mbili baadaye Bunge lilimchagua Eduardo Duhalde, gavana wa zamani wa jimbo la Buenos Aires. Aliyemfuata Duhalde mwaka 2003 alikuwa Néstor Kirchner, gavana wa Santa Cruz kwa zaidi ya miaka 11, ambaye fedha za mrabaha wa mafuta wa jimbo lake, mamia ya milioni ya dola, zilikuwa zimewekwa nje ya nchi wakati akaunti za wengine zilipofungwa.

Kwa hiyo ukisikia kwamba majimbo ya Argentina ni ombaomba wa Hazina, hiyo ni nusu ya picha. Kila jimbo, liwe na watu milioni 17 au laki mbili, lina maseneta watatu. Kwenye Baraza la Wawakilishi hakuna jimbo lenye viti chini ya vitano. Na gavana ndiye kwa kawaida mwenye kauli kuhusu nani awe kwenye orodha ya wagombea wa chama jimboni kwake. Rais ana pesa, magavana wana kura. Katika miaka ya kawaida hivyo viwili hubadilishwa kimyakimya: barabara kwa mswada, daraja kwa bajeti. Mgogoro unapokuja rais hana tena barabara ya kutoa, na hapo magavana hukumbuka kwamba kura zao zina bei.

Duhalde, aliyewajua vizuri, alilipa. Februari 2002 magavana walikubali kuachana na kile kiasi kisichobadilika na kurudi kwenye asilimia. Walipata asilimia 30 ya kodi ya miamala ya benki iingie kwenye mfuko wa pamoja, na serikali kuu ikabeba madeni yao na kuyageuza kuwa ya peso. Aprili wakasaini makubaliano ya hoja 14, yaliyoandikwa kwa jicho moja likiwatazama IMF, ya kupunguza nakisi na kuacha kuchapa noti. Mwaka 2003 noti za majimbo zilianza kununuliwa na kuchomwa. Lakini gharama ya njiani ilikuwa kubwa: peso iliachana na dola Januari 2002, uchumi ukasinyaa karibu asilimia 11 mwaka huo, na Oktoba 2002 zaidi ya nusu ya watu walihesabiwa kuwa maskini.

Kirchner alijifunza somo tofauti. Bei ya soya ilipopanda, ushuru wa mauzo ya nje ulijaza Hazina pesa zisizogawanywa, na gavana aliyetaka ujenzi alipaswa kupanga foleni. Ulikuwa utawala wa utulivu kwa sababu upande mmoja ulikuwa na hela nyingi. Mwaka 2008 mkewe na mrithi wake, Cristina Fernández de Kirchner, alipotaka kupandisha ushuru huo zaidi, wakulima walifunga barabara kwa miezi, na magavana wa Córdoba na Santa Fe, majimbo ambayo soya inatoka, hawakukubali kukaa kimya. Kura ya Seneti ilikuwa 36 kwa 36. Aliyeivunja, tena dhidi ya serikali yake mwenyewe, ni makamu wa rais Julio Cobos. Kabla ya hapo alikuwa gavana wa Mendoza. Mwaka uliofuata asilimia 30 ya ushuru wa soya ikaanza kupelekwa majimboni, hadi Macri alipoufuta mpango huo Agosti 2018, IMF ikiwa imerudi mlangoni.

Mgao mpya usiokuja

Kila mtu anakubali kwamba sheria ya 1988 imechakaa. Katiba iliyofanyiwa marekebisho 1994 iliagiza sheria mpya ya mgao ipitishwe kabla ya mwisho wa 1996. Haijapitishwa hadi leo. Sababu imeandikwa kwenye Katiba hiyohiyo: sheria hiyo lazima ianzie Seneti, ipate wingi wa wajumbe wote wa kila baraza, kisha iidhinishwe na majimbo. Mgao ukiwa ni asilimia 100, jimbo moja haliongezewi bila jingine kupunguziwa, na hakuna gavana atakayerudi kwao na habari kwamba amekubali kupunguziwa. Jimbo la Buenos Aires, lenye zaidi ya theluthi ya watu, hupata karibu moja ya tano ya sehemu ya majimbo. Lina haki ya kulalamika. La Rioja nayo ina haki ya kuuliza italipaje walimu ikipunguziwa. Hapo ndipo mazungumzo huishia.

Pasipo sheria mpya, kinachobaki ni zana za pembeni, na Milei amezitumia bila haya. Aliingia Desemba 2023, mfumuko wa bei ukifunga mwaka kwa asilimia 211, akiwa na ahadi ya kufuta nakisi mara moja. Mgao wa kila siku hakuweza kuugusa. Vingine vyote aliweza: nyongeza ya mishahara ya walimu iliyokuwa inatoka serikali kuu, ruzuku ya mabasi ya mikoani, ujenzi wa barabara na shule, misaada ya hiari. Na madeni. Majimbo yaliyokuwa yamekopa kwenye mfuko maalumu wa serikali kuu kwa kuuweka mgao rehani yalikuta kwamba ule mgao usioguswa unagusika, kupitia mkataba waliousaini wenyewe.

La Rioja ilirudi kwenye kichapishaji. Ilishindwa kulipa hati zake za deni la nje mapema 2024, na Agosti gavana Ricardo Quintela akaanza kuwapa watumishi wa jimbo noti zinazoitwa chacho, jina la Chacho Peñaloza, mbabe wa huko aliyepigana na Buenos Aires na kuuawa 1863. Jimbo pia lilikuwa limegoma kumuunga mkono rais katika jambo lolote. Julai mwaka huo magavana 18 walikwenda Tucumán usiku wa baridi kutia saini mkataba wa misingi ya uchumi wa Milei. Quintela hakwenda.

Kisha ikaja ile asilimia 1 ya ATN. Pesa hiyo inatoka kwenye mfuko wa pamoja na inakusudiwa kusaidia majimbo yenye dharura, lakini Hazina isipoigawa hukaa kwake na kupendezesha hesabu za ziada ya bajeti. Mwaka 2025 viongozi wa majimbo yote 23 na wa jiji la Buenos Aires, wa kila chama, walipeleka mswada wa kutaka igawanywe moja kwa moja kama mgao mwingine. Kuwaona wote 24 upande mmoja ni nadra. Bunge lilipitisha, Milei akautia kura ya turufu, na Septemba Seneti ikaikataa turufu hiyo kwa zaidi ya theluthi mbili.

Tarehe 26 Oktoba chama cha Milei kilishinda uchaguzi wa bunge. Siku nne baadaye aliwakaribisha Casa Rosada viongozi 20 wa majimbo kuzungumza kuhusu bajeti ya 2026 na mageuzi anayoyataka, na waliokuwa wakimkaba wiki chache kabla walikaa kwa adabu mezani, kila mmoja na orodha yake ya barabara na madeni. Wanne hawakualikwa: wa Formosa, wa La Rioja, wa Tierra del Fuego, na wa jimbo la Buenos Aires.